Nani Kanywa Wino wa Njano?

Kama nyumbani kwako kuna printa, baba mwenzangu, najua hapo ulipo unatikisa kichwa. Kama haipo, soma hivyo hivyo, usije ukasema hukuambiwa.

Yetu iliingia ndani mwaka 2020. Machi ile shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, walimu walihamia kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi wakaanza kumimina mazoezi, faili juu ya faili, na steshenari ya hapa kwetu Tabata ikajaa kinamama wenye barakoa kidevuni wakigombea zamu. Mama Neema akapiga hesabu ya kila ukurasa, akaniambia tununue ya kwetu. Nilikubali bila ubishi, maana bei ya printa ilikuwa poa mpaka nikamwangalia muuzaji mara mbili. Shule zikafunguliwa Juni 29, walimu wakarudi ubaoni, lakini printa ilikuwa imeshahamia, na tangu hapo mshahara wangu una mtegemezi mwingine.

Biashara hii imesukwa kwa ustadi, bwana. Mashine unauziwa karibu na bure, halafu wanakusubiri kwenye wino. Katriji inayokuja ndani ya boksi mara nyingi haijajaa kama ile ya dukani, ni ya kukuonjesha tu. Na ile idadi ya kurasa wanayoitangaza hupigiwa hesabu ya ukurasa uliofunikwa wino kwa asilimia 5 hivi, yaani barua fupi ya mtu asiye na maneno mengi. Mtu wa namna hiyo kwenye ukoo huu hajazaliwa.

Ngoja nikutambulishe kwa waliopo, maana bila kuwajua utadhani ninawasingizia.

Mama Neema tunamwita CAG, ingawa si mbele yake. Yule Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa serikali hutoa ripoti yake mara moja kwa mwaka. Wa kwangu hutoa kila Ijumaa baada ya chakula cha usiku, kwa mdomo, vyombo vikiwa bado mezani, na hoja zake hazina kamati ya kuzijibu. Neema, wa kidato cha tatu, ni Wakili. Hajawahi kushindwa kesi ndani ya nyumba hii, na mshitakiwa mara nyingi huwa mimi. Mdogo wake ni Mnyama, na jina hilo linaniuma, kwa sababu mimi ni Mwananchi wa kuzaliwa, baba yangu Yanga, babu yangu Yanga, halafu mtoto ninayemlipia ada mwenyewe akaenda kushangilia Simba. Namshuku mjomba wake. Huyo mjomba, shemeji yangu, ni Injinia. Chuo alichosomea bado hatujakijua, ila hakuna kitu chenye skrubu ambacho hajakifungua, na vichache kati ya hivyo vimewahi kufungwa tena. Juu ya wote yuko mama mkwe wangu, Katibu Mkuu: katibu wa vikoba, katibu wa jumuiya, katibu wa kila kamati ya harusi kuanzia Segerea mpaka Kimara. Sijawahi kusikia amekwenda kikao chochote akiwa mjumbe wa kawaida.

Printa ilipewa makazi juu ya kabati la vyombo, sebuleni, kwa sababu meza ilishakuwa na pasi, mashine ya kusagia juisi na madaftari ya watu. Katibu Mkuu alipoiona akasema kitu cha thamani hakiachwi uchi, akaifumia kitambaa cheupe chenye pindo la maua. Kizuri, sikatai. Ila pindo lile linaning'inia pale pale karatasi inapoingilia, na usipokumbuka kulinyanyua, mashine inavuta uzi, inatafuna, inalia, inawasha taa nyekundu, na mimi naitwa nikiwa bafuni na sabuni usoni. Kukiondoa kitambaa haiwezekani. Mwenye kitambaa huja kila wiki na hupitisha macho kwanza hapo.

Sasa turudi kwenye wino. Mashine yetu ile ilikuwa na katriji mbili, moja ya nyeusi peke yake, nyingine ya rangi, ambamo bluu, pinki na njano zinaishi nyumba moja, vyumba mbalimbali. Ikiisha moja, zote tatu zinafukuzwa. Na zikishafukuzwa, mashine inagoma hata kuchapa barua nyeusi tupu. Nilikuwa na barua ya maombi ya likizo yenye mistari mitano, haina ua wala bendera, ikaniambia kwanza nibadilishe katriji ya rangi.

Kwetu kilichokuwa kinaisha kila mara ni njano. CAG akataka kujua kwa nini. Nilimtazama Mnyama, ambaye ukuta wa kitanda chake una picha za kikosi kizima cha Simba kuanzia golikipa hadi daktari wa timu, wekundu watupu. Nikasema huyo hapo, kesi imekwisha. Wakili akaweka kijiko chini. Akatueleza, kwa sauti ile ya mtu anayelipwa kwa saa, kwamba ndani ya printa hakuna wino mwekundu. Mashine huchanganya pinki na njano ndipo wekundu unapatikana. Na kijani vilevile hakuna, ni bluu na njano.

"Kwa hiyo baba," akasema, akinyoosha kidole kwenye ratiba ya mechi za Yanga niliyoibandika mlangoni mwa friji, kijani ya kushiba na njano yake pembeni, "Simba wanakunywa njano mara moja. Yanga mnakunywa mara mbili."

Hoja ikaandikwa kwangu.

CAG akatangaza kubana matumizi. Kila kitu kichapwe kwa wino hafifu, ile hali ya rasimu ambayo mashine inaupaka wino kwa kuuonea huruma. Ni mbinu halali na inaokoa kweli, nakushauri uitumie. Kwetu ilidumu mpaka mwalimu wa Mnyama aliporudisha kazi imeandikwa juu kwa kalamu nyekundu, "Mzazi, hakuna kinachoonekana," na mpaka Katibu Mkuu alipoletewa nakala ya katiba ya vikoba. Aliivulia miwani, akaivalia miwani, kisha akasema katiba haisomwi kwa tochi. Yeye anataka herufi nene, na kubwa. Kifungu cha faini kwa wachelewaji kikachukua ukurasa mzima.

Wakili naye akaleta utafiti. Kumbe aina ya herufi nayo ina mdomo wake. Mwaka 2010 chuo kikuu cha Wisconsin-Green Bay, huko Marekani, kilibadilisha herufi za barua pepe zake kutoka Arial kwenda Century Gothic, kwa kuwa vijiti vyake ni vyembamba na hutumia wino pungufu kwa kama asilimia 30. CAG alifurahi, akaamuru wote tuhamie huko. Tukahamia. Herufi zile ni nyembamba kweli, lakini zimekaa zimetanua miguu, hivyo maneno yaliyokuwa yanatosha ukurasa mmoja yakamwagikia wa pili, na mistari miwili mitatu ikasafiri peke yake kwenye karatasi nzima. Wiki ile daftari la CAG lilionyesha wino umeshuka na karatasi zimepanda. Akaniangalia mimi, sijui kwa nini.

Wakili hakukata tamaa, akahamia Garamond, akisema kuna mwanafunzi wa miaka 14 wa Pittsburgh aliyetikisa vyombo vya habari mwaka 2014 kwa hesabu kwamba serikali ya Marekani ingeokoa mamilioni ya dola kwa kubadili herufi tu. Wajuzi wa herufi wakamjibu kijana wa watu: Garamond huokoa wino hasa kwa sababu ni ndogo kuliko wenzake hata ukiziandika kwa saizi ileile. Ukitaka kuokoa wino kwa njia hiyo punguza saizi, basi. Sisi tuna Katibu Mkuu, kwa hiyo mjadala uliishia hapo.

Ndipo akaja Injinia. Jumapili, tumetoka kula pilau, akaingia na mfuko wa rambo: chupa nne za wino kutoka Kariakoo, sindano za duka la dawa za mililita 10, na glavu ya mkono mmoja. Kujaza katriji kwa sindano si uongo, mafundi wengi wanaishi kwa kazi hiyo. Unabandua ile lebo ya juu, chini yake kuna vitundu, ndani kuna sponji; unaingiza wino polepole, tone kwa tone, na unaacha kabla haujafurika, kwa sababu ukifurika chumba kimoja unavamia jirani. Na kila anayeijua kazi hutangulia kuchovya kijiti cha meno kwenye kila kitundu aone kinatoka na rangi gani, maana mpangilio wa rangi hutofautiana toka kampuni hadi kampuni.

Injinia alisema kijiti ni cha watu wasiojiamini.

Niseme kwa haki kwamba printa ilichapa. Ilichapa vizuri, haraka, bila kulalamika. Katibu Mkuu alikuwepo, akasema basi ijaribiwe na kadi za mchango za kamati yake, zenye picha ya maharusi watarajiwa. Ikatoka ya kwanza. Gauni la bibi harusi safi, maandishi safi. Bwana harusi, kuanzia paji la uso mpaka shingo, wa kijani. Bluu ilikuwa imeingizwa chumba cha pinki. Katibu Mkuu aliishika kadi kwa ncha za vidole, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Baba," akaniambia, kwa upole ule ambao mkwe yeyote anaujua, "huyu kijana mmemfanya Yanga mpaka usoni?"

Mnyama alicheka mpaka akakaa chini. Katika kukaa akakanyaga chupa ya bluu, na chupa haikuwa na kizibo, kwa sababu kizibo nacho kilionekana ni cha watu wasiojiamini. Kitambaa cha kochi, zulia, soksi zangu. CAG hakusema neno. Alikwenda kuchukua jiki na ndoo, na ukimya wake ulikuwa mrefu kuliko ripoti zake zote. Mimi nilisugua vidole kwa limao, kwa mchanga, kwa mafuta ya taa. Jumatatu kazini mlinzi wa getini akanishika mkono, akakitazama kidole changu, akaniuliza jimbo gani limefanya uchaguzi mdogo mbona hawakutangaziwa.

Injinia hakuona aibu, hana kiungo hicho. Alipendekeza hatua ya pili: tuachane na katriji, tutoboe ubavu wa mashine, tupitishe mirija ya dripu kutoka chupa zilizoning'inizwa kwenye msumari ukutani. Nilicheka. Wakili akatujulisha kwamba si mzaha: Indonesia watu walikuwa wakiziunganisha printa zao na chupa za nje kwa mirija, mafundi wa mitaani wakapata kazi, na mwaka 2010 Epson wenyewe wakaanza kuuza huko huko printa yenye matangi ya kujaza wino kutoka kwenye chupa. Akaenda mbali zaidi, kumtetea mjomba wake. Mwaka 2017, akasema, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua katika kesi ya Lexmark kwamba kampuni ikishakuuzia katriji, haki yake ya hataza juu ya katriji hiyo imekwisha; mwenye kuijaza tena hawezi kushitakiwa kwa hataza.

"Hiyo ya Marekani," CAG akajibu, akikamua tambara. "Hapa Tabata ukitoboa ukuta wangu nakushitaki mimi."

Wino ukaendelea kuisha. Na hapa ndipo patamu, kwa sababu tulianza kushukiana. Nilificha rimu ya karatasi nyuma ya kabati la nguo, ikawa tunachapa kwa kibali tu. Katriji mpya ikawekwa, siku zikapita karibu hatujachapa kitu, na bado ikaisha. CAG aliamini ninachapa usiku. Mimi niliamini ni Mnyama. Mnyama alikuwa na hakika ni mizimu ya Yanga.

Nikaibeba mashine mpaka Kariakoo kwa fundi mmoja, mzee mpole anayefanyia kazi kwenye kibanda ambacho yeye na mteja hawawezi kuvuta pumzi kwa pamoja. Hakuuliza tunachapa nini. Aliuliza, "Mnazimia wapi?"

Nikamwambia ukutani. Hiyo ni sheria ya CAG, ya kuokoa LUKU: kila usiku swichi zote zizimwe kutoka ukutani, hata taa ndogo ya printa isiachwe ikila uniti. Ukiongeza na umeme wa kukatika na kurudi, mashine yetu ilikuwa inaamshwa kwa kofi kila siku ya Mungu. Fundi akacheka bila sauti. Akanieleza kwamba printa ikizimwa kwa kitufe chake, kichwa cha kuchapia hurudi kwanza pembeni, kikafunikwa na kofia yake ya mpira ili wino usikauke. Ukikata umeme ghafla, mara nyingine kinabaki wazi. Na mashine nyingi zikiwashwa baada ya kukatiwa namna hiyo zinaanza kujisafisha, ile milio ya kukoroma unayoisikia kabla hazijatulia, na kusafisha kwenyewe ni kunyonya wino safi na kuumwaga chini.

"Chini wapi?" nikauliza.

Akaigeuza, akafungua skrubu, akachomoa kipande kinene cha sponji kutoka tumboni mwa mashine. Kilikuwa cheusi tii, kizito, kimevimba kama andazi lililosahauliwa ndani ya chai. Akakibonyeza kidogo kwa bisibisi, kikatoa tone la bluu, la pinki, na pembeni kabisa, njano.

"Mzee," akasema, "wino wako huu hapa."

Nilimwomba anifungie kwenye gazeti niende nao nyumbani kama kielelezo. Usiku ule kiliwekwa katikati ya meza, juu ya sahani ya plastiki, na familia nzima ikakizunguka. Wakili akatafuta kwenye simu, akakuta kuwa Consumer Reports, wale wapimaji wa bidhaa wa Marekani, waliwahi kupima mwaka 2013 printa zinazotumika mara mojamoja, na nyingi zilipeleka kwenye karatasi nusu tu ya wino au pungufu ya hapo. Niligeuka kumtazama CAG. Nilisubiri kwa muda mrefu, nikiwa nimejiandaa kupokea samahani kwa unyenyekevu.

"Na wewe siku zote hizo unasikia inakoroma," akasema, "ukaona ni sawa?"

Tukanunua printa ya matangi. Bei yake ilikuwa ya kweli, si ya kuonjesha, na mimi sikuwa nayo, hivyo nikachukua mkopo wa vikoba. Mdhamini wangu akawa Katibu Mkuu, na siku ile ile nikawa nimeipoteza printa, ila sikujua. Chupa moja ya wino ndani ya mashine hizi inachapa maelfu ya kurasa. Habari hiyo ikafika Segerea kabla ya mashine yenyewe kutolewa kwenye boksi. Wakaja na katiba, wakaja na ratiba za misa, na risala za kuagwa kwa walimu wakuu, fomu za mitihani ya majaribio za watoto ambao sijui ni wa nani. Binamu mmoja alileta rimu yake mwenyewe na kuomba chai. Injinia alikaa mlangoni akiwapangia zamu, akijiita msimamizi wa mitambo.

Ubaya wa matangi ni kwamba yana kidirisha. Zamani wino ulikuwa unaisha gizani. Sasa kila anayepita kwenda jikoni anauona ukishuka. Nyeusi ilishuka, nikasema sawa, ndiyo kazi yake. Bluu na pinki zilikuwa juu. Njano ilikuwa inagusa mstari wa chini.

Ijumaa, vyombo vikiwa mezani, CAG akafungua daftari. Mnyama akaapa kwa jina la bibi yake kwamba hajachapa hata nembo. Nami nikaapa, msimu huu, nakuambia ukweli, hata ratiba niliiandika kwa kalamu. Wakili akaomba dakika mbili, akaenda kwenye pipa la takataka, akarudi na rundo la karatasi zilizoharibika. Kadi za harusi. Juu pindo, chini pindo, katikati mioyo miwili na njiwa, vyote vya dhahabu, kwa sababu rangi za kamati safari hii ni dhahabu na bluu ya bahari. Na dhahabu ndani ya printa hakuna, Wakili akasema, akishusha sauti kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Karibu yote ni njano.

Katibu Mkuu alikuwa amekaa hapo hapo kwenye kochi, akinyoosha pindo la kitambaa chake. Hakuna aliyemtazama. CAG akazungusha kalamu kidogo, akamwangalia mama yake mzazi, akaliangalia daftari, kisha akaandika kitu na kulifunga. Najua alichoandika kwa sababu kesho yake asubuhi nilikabidhiwa hela ya nauli na sampuli ya chupa tupu.

"Ya njano, Baba Neema, na hakikisha ni ya namba hii hii."

Nikiwa getini Katibu Mkuu akatokeza kichwa dirishani. "Baba, ukishafika huko Kariakoo, uniangalizie na bahasha. Za dhahabu. Kama hawana, chukua nyeupe, tutazichapa hapa."